Saa ya Nakonde kwenye Dirisha la Dar

Saa ya mkononi ya Damiano Silwimba ilikuwa nyuma kwa saa nzima, na Tunduma yote hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba imekosea. Mpakani pale kila mtu anaishi na saa mbili. Ukivuka geti kuingia Nakonde, upande wa Zambia, saa nne inakuwa saa tatu. Ukirudi, saa uliyozawadiwa unanyang'anywa. Wenyeji hawasemi tukutane saa nane wakaishia hapo. Husema saa nane ya huku au saa nane ya kule, na anayesahau kutaja atakaa barazani kwa watu akingoja, bila wa kumlaumu.

Damiano aliishi huku, lakini saa yake ilikuwa ya kule. Sababu ilikuwa mama yake.

Alizaliwa Ndalambo, kwa wakulima Wanamwanga wa ulezi na mahindi, akimfuata dada yake Teresia. Kigangoni kwao kulining'inizwa kipande cha reli, na kila saa sita mchana katekista alikigonga kwa nondo. Mama yao, hata kama mvua imetanda na palizi imemwelemea, alitua jembe, akajifuta mikono kwenye kitenge, akasali Malaika wa Bwana. Watoto walisimama kando yake. Ukubwani Damiano alikuwa akisema kwamba aliipenda sala ile kabla hajaielewa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mapumziko pekee shambani.

Walipokua walitawanyika. Teresia aliolewa Nakonde, kwa Wanamwanga wenzao wa upande ule, maana mpaka ulichorwa juu ya ukoo bila ukoo kuulizwa. Damiano alimaliza kidato cha nne, akarudi nyumbani kungoja nafasi ambayo haikuja, kisha akaenda Tunduma. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, na sabuni na mafuta ya kupikia, vilivyokuwa vikivuka kwa njia za panya, vikaanza kupita getini mchana kweupe. Alioa Leah, binti wa Igamba, akapata watoto, akajenga Mpemba. Mama alipozeeka Teresia alimchukua, na huko Nakonde akaikuta kengele ya kanisa, kengele hasa, siyo kipande cha reli, ikilia saa sita. Saa sita ya kule.

"Mwambie Damiano asali nami," mama alimtuma Teresia. "Tusimame pamoja kama zamani."

Lakini saa sita ya mama ilikuwa saa saba ya mwanawe. Damiano alijaribu kukumbuka akasahau, akajaribu tena akasahau, mizigo ya watu ikimzonga. Mwishowe akairudisha nyuma saa yake ya mkononi. Na kwa kuwa kutwa nzima aliitazama kompyuta ya ofisini kuliko alivyoutazama mkono wake, akairudisha nyuma na ya kompyuta. Kazini na misani aliwahi kwa kuongeza moja kichwani, kama mpishi anavyotia chumvi bila kupima. Mama alipofariki, yeye na dada yake hawakuambiana waache. Kengele ya Nakonde ilipolia, kila mmoja alisimama mahali pake, na zile saa hakuna aliyezigusa.

Kazi yake ilikuwa kwa Mzee Abdulswamad, mtu wa Tanga aliyefika Tunduma na lori moja, akaishia kufungua ofisi ya uwakala wa forodha. Kazi yao ni kuandaa nyaraka za mizigo ya watu ili malori yaruhusiwe kuvuka. Damiano alianza wakati nyaraka zikijazwa kwa kalamu na karatasi ya kaboni. Maofisa wa pande zote mbili waliujua mwandiko wake. Madereva walimjua kwa jina, na wake zao walimjua kwa sauti ya simuni. Mtu yeyote wa wilaya ya Momba aliyekwama getini aliambiwa amtafute Damiano. Mwenyewe alikuwa akisema, wala si kwa kujisifu, kwamba hana mali wala cheo, ila pale mpakani anafahamika.

Ndiyo maana mambo ya mwaka 2014 yalimchanganya vile.

Miaka michache kabla ya hapo, Mzee Abdulswamad alihamishia nyaraka zote kwenye kompyuta kubwa ya ofisi yao ya Dar es Salaam. Aliyeitunza ni Ikram, binti wa kaka yake, msichana aliyesomea mambo hayo. Kompyuta ya Tunduma ikabaki kuwa mlango tu. Asubuhi Damiano alibofya kijipicha kimoja, akaandika jina lake na paswadi, na ndani ya kioo chake kikafunguka kioo kingine, cha Dar, chenye mafaili yote. Kitu kile yeye alikiita dirisha.

Ikram alimfundisha kwa simu, maana hawakuwahi kuonana. Alikuwa na subira, na siku ya kwanza aliitumia yote.

"Sasa ninapoandika hapa," Damiano alimwuliza, "naandika hapa au huko?"

"Huku Dar, Baba."

"Na karatasi ikichapwa?"

"Inatokea huko kwako."

"Na mimi niko wapi?"

"Wewe uko Tunduma, Baba. Hilo halijabadilika."

Hakuelewa, lakini alizoea, kama watu wengi walivyozoea mambo mengi miaka ile. Kila alipofungua dirisha alisema hodi kwa sauti ya chini. Madereva waliomsikia walicheka. Yeye alisema huwezi kuingia kwa watu Dar kimya kimya kama mwizi.

Kilichomshinda kuzoea ni apdeti. Kompyuta ilikuwa na desturi ya kuleta ujumbe pembeni ya kioo, kwamba kuna marekebisho ya usalama, iruhusiwe iyachukue. Intaneti yao ilikuwa ya modemu, ya kununua bando, na apdeti moja iliweza kulimaliza bando kabla watu hawajanywa chai. Kwa hiyo mapema kabisa Mzee Abdulswamad alimwita Asajile, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi, akamwambia azime kila kitu ndani ya mashine kinachojifanyia mambo chenyewe. Asajile akazima vyote, hata saa akaizuia isijirekebishe kutoka mtandaoni, akaondoka akisema mashine sasa ina adabu.

Kisha ofisi ya jirani ikapatwa na mkasa. Karani wao aliona ujumbe uliojiita wa usalama, akaukubali, kumbe ulitoka kwa wezi. Mafaili yao yote yakafungwa kama ghala lililowekwa kufuli na mtu asiyejulikana. Mzee Abdulswamad aliposikia aliweka amri: chochote kikitokea kwenye kioo kikijiita usalama, kisiguswe.

Amri ile haijapoa, Ikram akapiga simu na amri nyingine. Programu ya dirisha, alisema, imegunduliwa kuwa na ufa, na walioitengeneza wametoa kiraka. Kisipopachikwa, mwizi anaweza kujikalisha katikati ya njia, akajifanya yeye ndiye kompyuta ya Dar, na Damiano atamkabidhi paswadi kwa mkono wake mwenyewe huku akimwambia hodi. Lazima apdeti ikubaliwe.

"Yenyewe inajiitaje?" Damiano aliuliza.

"Apdeti ya usalama."

"Basi Mzee kaikataza."

"Ami kakataza ile ya wezi, Baba. Hii ni ya kuzuia wezi."

"Na ile ya wezi ilisemaje?"

"Ilisema ni ya kuzuia wezi," Ikram akakiri.

Jambo hilo Damiano alilala nalo na kuamka nalo. Jumapili kanisani alilifikiria wakati wa mahubiri, akaomba radhi kimoyomoyo, akaendelea kulifikiria. Mlinzi akibisha hodi atasema ni mlinzi. Mwizi akibisha hodi naye atasema ni mlinzi. Aliye ndani, mwenye ufunguo, afanye nini? Alimwuliza Leah, na Leah, aliyekuwa akichambua maharage, alimjibu kwamba kwao Igamba mlango haufunguliwi kwa maneno, unafunguliwa kwa sauti unayoijua.

Hilo alilielewa. Jumatatu asubuhi, baada ya Ikram kumwomba ami yake ruhusa, Damiano alimshika msichana kwenye simu tangu mwanzo hadi mwisho, asikate hata dakika, ili sauti yake iwe shahidi. Apdeti ilishuka polepole. Bando liliisha katikati, likanunuliwa jingine. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, ikajizima tena, Damiano akiitazama kama mtu anayemwangalia mgonjwa wa degedege. Hatimaye ikatulia. Ikram akasema sasa tuko salama.

Damiano akabofya dirisha, akasema hodi. Halikufunguka.

Badala yake kilitokea kibao chenye maandishi ya Kiingereza. Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha nne na cha nyaraka za mizigo, akakisoma neno kwa neno. Kilisema utambulisho wa kompyuta ya upande wa pili hauwezi kuthibitishwa, kwa sababu pana tofauti ya saa au tarehe kati yake na kompyuta hii. Mwanzo wa sentensi ulimpiga, na mwisho wake ukampita. Utambulisho hauthibitiki. Kichwani mwake maneno yalijigeuza yenyewe yakawa: hainitambui.

Alimsomea Ikram yote. Ikram akamwambia atazame tarehe. Ilikuwa ya siku ile ile.

"Na saa je, Baba? Iko sawa?"

Damiano alitazama pembeni ya kioo, kisha akageuza mkono akatazama saa yake. Zilifanana hadi dakika.

"Iko sawa kabisa, mwanangu," alisema, na hakudanganya.

Basi Ikram akaiacha saa akaenda kutafuta kwingine. Aliandikisha jina upya. Alibadilisha paswadi. Aliizima kompyuta ya Dar na kuiwasha, jambo lililowakasirisha watu wa Dar. Alitaka apdeti iondolewe, kisha akaogopa kuuacha ufa wazi, akaghairi. Nyaraka chache aliziingiza mwenyewe, Damiano akimsomea kwa simu herufi kwa herufi, lakini mzigo ulikuwa mwingi kuliko pumzi za watu wawili. Malori ya wateja wa Mzee Abdulswamad yakaanza kulala foleni.

Watson, dereva wa Ndola aliyeleta mbegu za mahindi, alikaa kwenye benchi nje ya ofisi akila karanga. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na wenye mbegu walikuwa wakimpigia kila mara.

"Ba Damiano," alisema kwa ile heshima ya kwao inayoweza kubeba dhihaka, "miaka yote wewe ndiye unayetuuliza pasi. Leo umeulizwa wewe."

Benchi zima lilicheka, na Damiano naye akacheka, kwa kuwa lilikuwa jambo la kuchekesha. Lakini aliporudi ndani alikaa mbele ya kile kibao akakisoma tena, kana kwamba sentensi inaweza kubadilika ikisomwa na mtu mwema.

Jumatano Mzee Abdulswamad alimwita. Hakufoka, na Damiano angependa afoke.

"Mimi na wewe tumetoka mbali, Damiano. Lakini lori haliendi kwa ukale wetu. Ijumaa nikitoka msikitini, kama mashine bado haikutambui, nampigia kaka aniletee mtu wa Dar ambaye inamtambua. Wewe hutoki kwangu. Utakaa nami hapa nje, tutazungumza na madereva."

Damiano aliitika. Alifahamu maana ya kukaa hapa nje. Wazee wawili waliokuwa makarani kabla yake walikaa pale pale kwenye benchi wakazungumza na madereva, mpaka siku moja hakuna aliyekumbuka walikuwa wakifanya nini zamani.

Alhamisi baada ya kazi alivuka kwenda kwa Teresia. Maofisa wa getini walimwamkia kwa jina, na safari hii salamu zile zilimwuma. Dada yake alimkuta ameketi kwenye kigoda cha marehemu mama, hajaomba hata maji.

"Inasema hainijui, Dada."

"Nani?"

"Mashine ya Dar. Nimeingia kwake kila asubuhi kwa miaka. Tumeirekebisha iwe na usalama zaidi, na sasa hainijui."

Teresia hakujua la kusema juu ya mashine, akasema analolijua. "Mungu anakujua, mdogo wangu."

"Mungu hajazuia lori la Watson," Damiano alijibu, kisha akaona aibu. "Nisamehe. Sielewi tu. Ingesema nimekosea paswadi, ningeelewa. Ingesema siruhusiwi, ningeelewa. Kama mwizi ndiye anayezuiwa, mbona nimezuiwa mimi? Ama nimekuwa mwizi bila kujua?"

Teresia alimpikia. Akala kidogo, akaaga. Pale mlangoni dada yake alimwambia kwamba kesho saa sita atamwombea kwa ajili ya hiyo mashine, ingawa hajui ataiitaje mbele za Mungu. Damiano akasema aiite dirisha.

Ijumaa ikafika. Tangu asubuhi alikuwa na Ikram kwenye simu. Adhana ya adhuhuri ilipotoka msikiti wa sokoni, Mzee Abdulswamad alivaa kofia yake, akapita mbele ya meza ya Damiano, akatoka. Madereva Waislamu wakamfuata, benchi likabaki na Watson na maganda yake ya karanga. Siku zote ilikuwa hivyo: adhana kwanza, na muda mzuri baadaye ndipo kengele ya Nakonde. Damiano hakuwahi kuona ajabu. Waislamu walikuwa na saa zao za sala na yeye alikuwa na yake.

Ikram alimpitisha tena kwenye vyumba vyote vya mashine, fungua hapa, funga pale, rudi, soma. Sauti yake ilikuwa imechoka. Kisha jicho la Damiano likaangukia pembeni ya kioo.

"Mwanangu, nisamehe," alisema. "Naomba tusimame kidogo. Saa sita inafika, nina sala yangu."

"Saa sita imepita zamani, Baba. Mimi nimeshaswali adhuhuri."

"Saa sita ya kule."

"Kule wapi?"

"Nakonde."

Wiki nzima Damiano alikuwa akisikia vidole vya Ikram vikigonga vitufe, na sasa havikusikika. Ilisikika feni tu.

"Baba," Ikram alisema taratibu, "hapo kwenye kompyuta, chini pembeni, ni saa ngapi?"

"Saa sita kasoro dakika nne."

"Hapa ni saa saba kasoro dakika nne."

"Na hapa pia," Damiano alisema. "Ukitoka nje."

"Nilikuuliza Jumatatu kama saa iko sawa."

"Iko sawa. Hukuuliza ya wapi."

Ikram hakucheka. Alivuta pumzi, akamweleza kama alivyomweleza siku ya kwanza, kwamba dirisha la zamani lilikuwa halijali saa ya mtu. Kiraka kipya ndicho kilicholifundisha kujali. Wezi wa siku hizi hunasa maneno ya mtu wakayatumia baadaye kana kwamba ni mapya, kwa hiyo pande mbili hukubaliana kwanza juu ya saa. Ambaye saa yake imepishana na mwenzake hutiliwa shaka, hata awe nani. Akamwambia aisogeze mbele kwa saa moja, sasa hivi, kabla Ami hajatoka msikitini.

Damiano aliishika mausi, akakipeleka kishale juu ya ile saa, akakiacha hapo. Zilikuwa zimebaki dakika chache kengele ilie.

"Niingojee kengele kwanza," alisema.

"Baba, Ami anakuja."

"Najua, mwanangu."

Ikram angeweza kumhimiza. Hakumhimiza, wala hakukata simu. Damiano aliiweka simu mezani na kusimama. Upepo ulikuwa wa upande wa Zambia siku ile, na kengele ikasikika, ndogo, juu ya ngurumo za malori. Alisali. Alijua kwamba ng'ambo, jikoni kwake, dada yake amesimama akiliombea dirisha. Alipomaliza alijifanyia ishara ya msalaba, akaketi, akaisogeza saa ya kompyuta mbele, mahali ambapo haikuwa tangu mama yake akiwa hai. Akabofya.

Dirisha likafunguka, na mafaili ya Dar yakajipanga mbele yake kama watu waliokuwa wakimngoja. Kwa mara ya kwanza alisahau kusema hodi.

"Imekutambua, Baba," Ikram alisema simuni.

"Aliyekuwa hatambuliwi ni nani?" Damiano aliuliza. "Ni mimi au ni yenyewe?"

"Mlikuwa mnajuana siku zote. Ni saa tu."

Alishukuru, lakini jibu lile halikumtosha.

Mzee Abdulswamad aliporudi alikuta Watson amesimama juu ya bega la Damiano, karatasi zake zikitoka moja baada ya moja. Alizitazama, akaitazama mashine.

"Ilikuwa nini?"

"Saa, Mzee."

"Saa gani?"

"Ya mama."

Mzee Abdulswamad alikuwa amefika Nakonde kwenye mazishi ya yule mama, akakaa na wanaume nje, akala nao. Alisimama pale muda, kidole kikichezea ukingo wa kofia. Alianza kusema kwamba malori yake yamelala wiki nzima kwa ajili ya saa ya watu wa ng'ambo, katika ofisi yake, naye hana habari. Sentensi hiyo hakuimaliza. Alikwenda kuketi kwenye benchi. Simu ya Dar hakuipiga, na Damiano akabaki kwenye kiti chake.

Wiki iliyofuata Mzee alikuja na saa ya ukutani, akaipigilia mwenyewe juu ya kompyuta, ikiwa nyuma kwa saa moja. Alisema kila kitu kikae mahali pake: ya Dar kwenye mashine, ya Nakonde ukutani. Tangu hapo apdeti zikawa zinakubaliwa, kila moja Ikram akiwa simuni, na kabla ya kubofya walitajiana saa kama watu wanaotajiana majina.

Jumapili Damiano alijaribu kumweleza dada yake.

"Kwa hiyo anayepishana nawe saa moja anakuwa hakujui?" Teresia aliuliza.

"Ndivyo mashine inavyoona."

"Sisi tumepishana tangu nilipoolewa."

Damiano alifikiri sana. "Labda sisi hatujapata apdeti," alisema mwishowe, na Teresia akacheka mpaka akashika ubavu. Hakuna aliyeelewa zaidi ya hapo.

Presha ilimwangusha Damiano mwaka uliofuata, alipokwenda Vwawa kwa shughuli za kiwanja. Alilazwa siku chache. Alizikwa Ndalambo, karibu na mahali kilipokuwa kile kipande cha reli. Mzee Abdulswamad alikuja na madereva wake, Watson akiwemo, na Ikram alitoka Dar kwa basi. Alipofika alipiga magoti mbele ya Leah na kumpa pole, na Leah, ambaye hakuwahi kumwona, aliijua sauti.

Wasifu wa marehemu uliposomwa ulisema alikuwa karani wa forodha Tunduma, mwaminifu, na kwamba alifariki saa saba kasoro robo mchana. Teresia, aliyeketi kwenye mkeka karibu na jeneza, alihesabu kwa vidole chini ya kitenge. Siku ile kengele ilipolia alisimama jikoni kwake akamwomba Mungu amponye mdogo wake. Kasoro robo. Basi alikuwa ameshakwenda kabla kengele haijalia, na yeye alikuwa akimwombea uzima marehemu. Baada ya mazishi alimwuliza padri sala ile ilifikia wapi. Padri akamwambia kwamba kwa Mungu hakuna huku wala kule. Teresia aliitika ndiyo, mukwai, kwa heshima ya kwao, akaondoka akilirudiarudia neno lile, kwa maana yeye na Damiano walikuwa na vyote viwili, huku na kule, na hakujua waviache wapi.

Ikram alimweleza kwamba ile saa ya ukutani ingalipo, karani mpya kakatazwa kuigusa. Kisha Leah akaleta ile ya mkononi, akasema kwamba nyumbani kwake Mpemba itawachanganya watoto, aichukue dada mtu. Teresia aliivaa. Siku ya tatu, matanga yalipokwisha, alivuka geti kurudi Nakonde. Saa ya ukutani ya maofisa wa kule aliilinganisha na ile ya mkononi mwake. Hakulazimika kuigusa.